Mbegu za Nyumba Sita

Walisema sitaotesha hata mchicha. Walisema vidole vyangu vimezoea kalamu, jembe litanitoka mkononi kabla jua halijapanda, na kipupwe hakitaisha kabla sijafunga mzigo wangu kurudi kwa Wadachi. Waliyasema kisimani, wakayasema barazani, na mmoja aliyasema ndani ya msikiti mpaka imamu akakohoa.

Nayaandika maneno yao mwanzo kabisa kwa sababu sikuyasahau, na kwa sababu waliokuwa wakiyasema ndio haohao waliokuja kunyoosha vikapu mbele yangu mwaka ule wa vita vya Maji Maji.

Nilikuwa nimerudi Rufiji kutoka milima ya Usambara, ambako serikali ya Wadachi ilikuwa na bustani ya kujaribia mimea. Nilikwenda huko nikiwa mchukuzi wa maji, sina ndugu wala mtu wa kunisemea. Nilijifunza kusoma kwa kutazama vibao vilivyochomekwa mbele ya miche, herufi moja moja, mpaka siku moja mkuu wa bustani akanikuta nikimsomea mpishi majina ya miti yote ya mstari mzima. Baada ya miaka minne niliondoka na shahada yenye mhuri. Katika bonde letu hapakuwa na mtu mwingine mwenye karatasi ya namna hiyo, na sioni haya kulisema. Niliiviringisha nikaitia ndani ya kipande cha mwanzi, nikakivaa shingoni, nikatembea nacho kutoka Dar es Salaam mpaka Kibiti, na kutoka Kibiti mpaka kijijini kwetu bondeni. Kila aliyeniuliza nilimfungulia.

Nilifikia kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mjane aliyekuwa na mashamba mazuri karibu na mto. Nilipomwonyesha shahada, aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama na upande wa nyuma.

"Haya, baba," akasema. "Mungu akuzidishie. Sasa inalima?"

Nilimwambia ataona.

Kwetu masika yakiisha mto hurudi mahali pake polepole, ukiacha udongo mweusi, laini, wenye baridi. Ndipo kipupwe huanza: asubuhi za umande, upepo wa kusi, na kilimo cha mlao, yaani kilimo cha kuyafuata maji. Wanawake huyafuata kweli. Leo maji yamerudi nyuma hatua tatu, leo wanapanda hatua tatu. Kesho yamerudi mbili, wanapanda mbili. Kila mbegu huingia udongoni wakati ardhi bado inatoka maji, na hainyweshewi tena mpaka inavunwa. Watoto wanalijua jambo hili. Mimi nililiona ni fujo. Mahindi ya urefu huu hapa, ya urefu ule pale, kunde zimeota bila mstari! Nikasubiri eneo langu lote likauke, nikanyoosha kamba kutoka kijiti hadi kijiti kama nilivyofundishwa milimani, na siku moja nikapanda shamba zima, mistari imenyooka kama ya daftari.

Binti wa mjomba wangu alisimama kando na mtungi kichwani. Yeye na mimi tulikuwa watani tangu utotoni, na utani wake haukuwa na huruma.

"Mtani, hizo kamba za nini? Unayafunga mahindi yasikimbie?"

"Utakuja kuomba mbegu kwangu," nikamjibu.

"Nikija kuomba mbegu kwako, wewe, ujue bonde lote limekufa."

Wiki tatu baadaye udongo wangu ulikuwa umepasuka, nyufa za kutia mguu. Kilichochipua kilinyauka, na kilichobaki kililiwa na kanga. Mbegu zangu zote nilizotoka nazo Usambara ziliishia hapo, na za shangazi juu yake. Milimani mvua ilikuwa ikinyesha hata wakati wa baridi, nami sikuwahi kuona shamba linalopandwa likiwa limeshapewa maji yake ya mwisho. Kosa lile nalikubali. Lakini nataka pia lisemwe kwamba siku ya pili sikufunga mzigo. Nilikwenda kukopa mbegu.

Kukopa mbegu kwetu kuna utaratibu wake. Unakwenda mchana, watu wakikuona. Mwenye nyumba hukupimia kibaba cha mfuto, yaani kimejaa na kusawazishwa kwa kiganja. Wewe unarudisha kibaba cha tele, kilichofanya kilima juu, kabla ya mvua za vuli, ili mwenzako naye apande. Anayeshindwa hasemwi wala hashtakiwi. Ila hapewi mbegu tena, yeye wala wanawe, na mtu asiyepewa mbegu bondeni hana sababu ya kuishi bondeni. Nilikwenda nyumba sita. Kwa shangazi nilipata tena mahindi. Kwa mtani wangu, ambaye alicheka mpaka akakaa chini, nilipata kunde. Kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, jirani yetu, mzee mkali wa maneno machache, nilipata mtama, pamoja na swali.

"Na ukishindwa?"

"Sishindwi, mwalimu."

"Sikukuuliza kama unashindwa."

Nyumba tatu zilizobaki zilinipa choroko, maboga na mahindi mengine.

Wakati huo maji yalikuwa yamekwisha kila mahali isipokuwa ukingoni mwa ziwa dogo lililoachwa na mto, nyuma ya matete marefu. Hapakuwa na aliyepataka kwa sababu ya viboko. Nikapachukua. Safari hii niliyafuata maji hatua kwa hatua kama mwanamke yeyote wa kwetu, nimeinama, bila kamba. Lakini nilikuwa nimechelewa mwezi mzima na zaidi, na nilijua unyevu ule hautayafikisha mazao yangu mwisho. Hapo ndipo elimu yangu ilipoanza kufanya kazi, na hapa naomba nijisifu kidogo.

Hakuna aliyewahi kunywesha shamba bondeni kwetu. Mimi nilinywesha. Kila alfajiri, umande ungali juu ya majani, nilichota ziwani kwa mzega, vibuyu viwili vikubwa kwenye mti mmoja begani, nikamimina kata moja kwa kila shina, chini kabisa, si juu ya majani. Nilitandaza mabua makavu ya mpunga kuzunguka mashina ili kusi isinyonye unyevu. Miche ya choroko niliikinga jua la mchana kwa makuti. Maboga niliyakata ncha za matawi ili nguvu iende kwenye matunda. Nilijenga uzio wa miiba upande wa viboko, na kila nilipokwenda nilipiga debe kuwatisha. Bega langu lilivimba likafanya sugu ambayo ninayo mpaka leo. Wajukuu wangu huishika na kuuliza ni nini, nami huwaambia ni shahada yangu ya pili.

Kipupwe hichohicho vita vikaanza. Kwa Wamatumbi, kusini yetu, watu waling'oa pamba ya serikali, na habari zikavuka mto kabla mwezi haujaandama. Watu walikuwa wakipanda mto kwenda kutafuta dawa ya maji iliyosemwa inageuza risasi. Baadhi ya vijana wetu walikwenda, wakarudi wamepakwa dawa kwenye vipaji vya uso na hawasemi na mtu. Boma la Mohoro likajaa askari. Mimi nilitazamwa kwa macho mawili: wengine waliona mwanzi shingoni mwangu wakasema ni mtu wa Wadachi, wengine wakaniuliza mbona siendi kumsalimu bwana wa boma. Nilimwagilia.

Kisha ikafika siku ya mwaka. Msomaji wa leo wa mjini huenda haijui. Siku hiyo, katikati ya kipupwe, watu huoga mtoni kabla ya jua kutoka, mwanamke hufagia nyumba yake mpaka pembeni, maji ya zamani mitungini humwagwa, na moto wa mwaka uliopita huzimwa katika kila jiko. Jivu lake huzolewa lote likatupwa njia panda, kwa maana ndani yake mna magonjwa na magomvi na mikosi yote ya mwaka. Baadaye wazee hupekecha moto mpya kwa vijiti, na kila nyumba huchukua kijinga chake cha moto. Siku hiyo mtu hagusi jembe.

Mimi nilikuwa na mahindi yenye kiu. Shangazi alinikuta mlangoni na mzega.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kumwagilia, shangazi."

"Leo? Leo siku ya mwaka!"

"Mahindi hayajui siku."

Alinitazama, akaangalia mitungi yake miwili iliyokuwa ikingoja kumwagwa. Akafikiri.

"Maji haya yanamwagwa vilevile," akasema. "Hakuna aliyesema yamwagwe wapi. Mimi nakwenda kuyamwaga. Wewe usishike kitu."

Akajitwika mtungi. Jirani akauliza, akaambiwa, akacheka, akajitwika wa kwake. Mtani wangu akaita wenziwe kwa sauti: "Njooni tumwage mwaka kwenye shamba la Bwana Karatasi!" Nikasimama mikono nyuma kama bwana wa boma, wanawake wa kijiji wakipita mmoja mmoja kwenye mashina yangu na maji ya mwaka uliopita, wakiimba nyimbo za kunisema. Sikuwahi kuona shamba likinyweshwa vile, hata Usambara.

Ningeridhika na hayo. Lakini mahindi yangu yalikuwa na viwavi, na milimani nilifundishwa kwamba jivu likinyunyizwa kwenye moyo wa mche wa mahindi na kuzunguka shina la boga huwaua. Na pale njia panda palikuwa na jivu la kijiji kizima, laini, jeupe, linapeperushwa bure. Nilimwomba shangazi. Aliziba masikio kwa mikono miwili.

"Usilitaje hilo tena! Unataka kulisha watu mikosi?"

Nikaitikia, naam shangazi. Jua lilipopungua nilikwenda njia panda na pakacha mbili, nikazijaza, nikapita njia ya matete. Nilijiambia ni ujinga, na mimi mtu wa shahada. Viwavi wakafa wote kwa siku nne.

Mtani wangu aliliona lile jivu alipokuja kuazima kata. Alilitazama, akanitazama mimi, akaondoka bila kata aliyoijia.

Mashamba ya wenzangu yalikomaa, yakavunwa, mavuno yakaingia ghalani na mahindi ya mbegu yakatundikwa juu ya moshi wa jiko. Langu lilikuwa bado kijani. Ndipo askari walipovuka kutoka Mohoro. Tulikuwa na nafasi ya kukimbilia mitumbwini na si zaidi. Tulijificha upande wa Mbuchi, ndani ya mikoko, na kutoka huko tukaona moshi. Walichoma nyumba, wakachoma maghala, wakachoma kila kilichokuwa kikavu. Shahada yangu iliungua humo. Nilikuwa nimeivua shingoni nikioga.

Siku ya tatu nilirudi peke yangu kwa mtumbwi, nikapita katikati ya nguzo nyeusi mpaka ziwani. Bustani ilisimama. Matete yaliificha, na kama waliiona, kilikuwa kitu kibichi, hakishiki moto wala hakiliki. Nilichota maji. Mvua za vuli zilikuwa karibu, na katika kijiji kizima mbegu zilizobaki zilikuwa zile zilizokuwa bado zinakomaa mbele yangu.

Nilirudi mikokoni kuwaambia, kifua mbele. Nilidhani watashangilia. Mtani wangu akasimama ndani ya mtumbwi, macho mekundu kwa moshi na kulia. Nyumba yake ilikuwa imeungua na mavuno ya mwaka mzima.

"Waambie na jivu," akasema.

"Jivu gani?" akauliza mwalimu.

"Waambie, mtani. Au niseme mie?"

Akasema yeye. Aliposema jivu la mwaka lilirudishwa kijijini kwa siri na kulishwa mahindi, shangazi aliinua kanga akafunika uso. Mwalimu, ambaye siku zote alikuwa akisema mambo ya njia panda ni ya wanawake, alisema taratibu kwamba mbegu yake anaisamehe, asiletewe. Na wengine wakafuata mmoja mmoja. Mbegu zangu hazitakiwi.

Nataka niseme wazi hali ilivyokuwa. Nisingerudisha mbegu, nisingekuwa na mahali bondeni. Lakini hilo lilikuwa langu. Wao wasipozipokea wasingepanda, na wasipopanda, baada ya mwaka ule kungekuwa na njaa ambayo hatukuhitaji mganga kutuambia.

Wiki zilizofuata nilikwenda na kurudi kwa mtumbwi, nikimwagilia. Askari walikuwa wamekwenda juu zaidi, watu wakaanza kurudi na kujenga vibanda vya makuti. Tulikula mizizi ya mayungiyungi, samaki na ndago. Mahindi yangu yakakauka vizuri. Nilikuwa na njaa nami, na sitamdanganya mtu: niliyapitia mahindi yale kila siku nikijua ladha yake. Sikula punje. Niliyavuna, nikayaanika, nikayapukuchua, nikaitengea kila nyumba fungu lake juu ya jamvi. Kunde, choroko, mtama, mbegu za maboga. Safi, nzito, bila tundu la fukusi. Hakuna aliyekuja.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha alasiri moja, ikakatika. Asubuhi yake shangazi alikuja akaketi kwenye ukingo wa jamvi. Alitia mkono ndani ya mahindi, akayaacha yapite vidoleni.

"Mazuri," akasema.

"Mazuri, shangazi. Na watu watakufa njaa."

"Watu waliooga siku ya mwaka waliacha mikosi mtoni. Mbegu hizi hazikuoga."

Nilitaka kumjibu kisomi. Kisha nikakumbuka kwamba milimani tulikuwa tukilowesha mahindi kabla ya kuyapanda, ili yachipue upesi. Nikamwambia.

"Basi unangoja nini?" akasema. "Ila ukilowesha, hazirudi ghalani."

"Hazirudi. Zikilowa ni kupandwa leo leo."

"Na utasema. Mbele yao. Si mimi nitakayekusemea."

Alikwenda kuwaita. Walikuja wote, na nadhani njaa iliwaleta zaidi ya shangazi. Wakasimama ukingoni mwa ziwa wakiwa na vikapu mikononi ila wamevikumbatia vifuani. Niliingia majini mpaka kiunoni. Nimesoma, nimesafiri, nimesalimiana na wakubwa, na mpaka siku ile sikuwahi kusema neno lile mbele ya watu.

"Nilikosa," nikasema. "Nililichukua jivu la mwaka njia panda, nikakatazwa nikalichukua. Nilidhani ninajua. Mbegu hizi ni zenu. Naziosha mbele yenu, na mimi najiosha nazo."

Mwalimu akavuta ndevu.

"Umesema kwa sauti ndogo," akasema.

Nikarudia kwa sauti kubwa mpaka ndege wakaruka kwenye matete.

"Sasa nimesikia," akasema mwalimu, akavua makubadhi na kuingia majini na kikapu chake.

Nilimpimia yeye kwanza, kibaba cha tele cha mtama, nikamimina kikapuni, tukakizamisha pamoja, yeye akisoma alichokuwa akikisoma. Nikampimia shangazi, mara mbili, kwa kuwa alinikopesha mara mbili. Nikazipimia nyumba tatu za choroko, maboga na mahindi. Kilichobaki juu ya jamvi baada ya mbegu yangu mwenyewe nilikigawa pia, na hilo halikuwa deni. Kila aliyetoka majini hakungoja: mbegu zilikuwa zimelowa, alipita moja kwa moja shambani kwake, maji yakimdondoka, na jembe kama alikuwa nalo, na kijiti kama jembe liliungua.

Mtani wangu alikuwa wa mwisho. Aliingia majini polepole, kikapu kimebanwa kwapani, haniangalii. Nilijaza kibaba cha kunde, nikafanya kilima juu mpaka punje zikaanza kuteleza.

"Tikisa," akasema.

"Kimejaa, mtani."

"Tikisa nikwambie. Nakujua mie."

Nikatikisa. Kunde zikashuka, nikaongeza. Akatikisa yeye mwenyewe, zikashuka tena, nikaongeza tena, punje zikidondoka majini baina yetu. Ndipo akaniangalia, akafungua mdomo wa kikapu.

"Haya," akasema. "Mimina."

Nikamimina. Tukazamisha kikapu pamoja, tukakiinua, maji yakachuruzika. Alijitwika akaondoka kupanda, nami nikabaki ndani ya ziwa, kibaba kitupu mkononi, sidaiwi na nyumba yoyote.